Gundi ya Mama Divine na Ngozi za Kupandia Theluji

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kupiga pasi. Jora zima la kitambaa cha manyoya lilikuwa mbele yangu, manyoya yote yamelalia upande mmoja, nami nikadhani yamekandamizwa safarini ndani ya lori. Kwetu Tanga nilikuwa nimejifunza mwenyewe kushona mapazia ya mahameli, na mahameli yaliyolala hayauziki. Basi nikawasha pasi ya mvuke, nikayasimamisha manyoya yale mpaka yakawa kama majani ya uwanja wa mpira, nikakata jozi kadhaa, nikazipanga mezani, nikakaa kando nikisubiri kusifiwa.

Thabo, mkataji wetu, mtu wa Soweto, alipitisha kiganja juu ya jozi ya kwanza, akanitazama kwa huruma.

"Eish, Athu," akasema. "Umemtisha paka."

Anton, mwenye karakana, alizichukua mezani. Alizibandika zile ngozi chini ya ski, akazivaa ski miguuni, akaanza kupanda ule mteremko wetu wa mbao uliozungushiwa zulia kuukuu. Alipiga hatua, akapiga nyingine, kisha akaanza kurudi nyuma. Hakuanguka. Alirudi taratibu, amesimama wima, uso umetulia kama mtu aliye ndani ya lifti, akanipita, akampita Thabo, akaegemea meza ya kufungashia.

"Sisi tunatengeneza kitu kinachokubali kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma," akaniambia. "Wewe umetengeneza kitu kinachokubali yote."

Nyinyi mnaoanza sasa pale karakana ya Doornfontein mmeniomba niwaeleze kazi ilivyokuwa, kwa kuwa eti mimi ni mstaafu. Haya, nimestaafu. Nilistaafu nikiwa na miaka ishirini na saba, mwaka 2014, si kwa uzee bali kwa wasiwasi. Mtu anayeamka kitandani kukumbuka kama ribiti ya jana ilikaa sawa hawezi kufanya kazi ya ukaguzi mpaka mvi zimtoke. Siku hizi nashona mabegi, na begi likifumuka hakuna anayebaki mlimani. Kwa hiyo nisikilizeni kama mtu aliyekosea sana kabla yenu.

Kwanza kitu chenyewe, maana najua wengine mmekishona mwezi mzima bila kukielewa, na mnaona aibu kuuliza. Ski ni zile mbao nyembamba ndefu za kutelezea juu ya theluji. Wako wanaopandishwa mlimani kwa viti vya kamba, wakashuka wakiteleza. Wateja wetu ni wengine, wanaopanda mlima kwa miguu yao wenyewe, ski zimo miguuni, ndipo washuke. Ili asirudi nyuma, mpandaji hubandika chini ya kila ski ukanda wa manyoya. Tunauita ngozi, ingawa si ngozi. Ukisukuma mguu mbele, manyoya yanalala na kuteleza. Ukikanyaga, yanauma theluji. Akifika juu anazibandua, anazikunja, anaziweka kifuani ndani ya koti zisigande, kisha anashuka.

Mnauliza kwa nini kitu hicho kitengenezwe Johannesburg, mji ambao theluji ikidondoka hata kiganja kimoja watu wanatoka maofisini kupiga picha. Jibu ni mbuzi. Yale manyoya mazuri ni ya mbuzi wa angora, na mbuzi hao wanafugwa huku kusini kwa wingi. Baba yake Anton alikuwa mshonaji wa mahema. Anton alikwenda ughaibuni ujanani akapanda milima ya huko kwa ngozi za kuazima, akageuza moja akaona manyoya yale yale aliyoyaacha nyumbani. Aliporudi alikata jozi yake ya kwanza juu ya meza ya kulia chakula ya mama yake. Mama alimfukuza kwa sababu ya harufu ya gundi. Hivyo ndivyo kampuni ilivyoanza, kwa kufukuzwa jikoni.

Zile ngozi nilizozipiga pasi ziliokolewa na mtu nitakayewasimulia leo. Alitoka kwenye chumba cha gundi akifuta mikono kwenye aproni, akaziangalia, akaniangalia.

"Leta hapa, mwanangu. Na hiyo pasi ichomoe kabla haijatuletea msiba mwingine."

Alizilowesha kwa sifongo, akazipiga brashi kutoka puani, yaani ncha ya mbele, kwenda mkiani, puani kwenda mkiani, bila kurudisha mkono, kisha akazibana katikati ya mbao, juu akapanga makopo ya gundi. Kesho yake nyingi zilikuwa zimelala tena. Hazikuwa nzuri za kuuza, lakini zilitufaa kwa majaribio kwa muda mrefu. Likumbukeni hilo. Ulalo wa manyoya ukiupoteza usiulazimishe kwa moto. Maji, brashi, uzito, na subira.

Jina lake ni Mama Divine, Mrundi wa Bujumbura, mtu wa kwaya. Alikuwa mpishi wa gundi.

Nilifika karakana miezi michache baada ya ile Mei ya 2008, kwa hiyo mwanzo wake niliusikia kwa Thabo. Mama Divine alikuwa akiishi Alexandra, na kazi yake pale karakana ilikuwa kufagia na kufungasha. Vurugu za kuwafukuza wageni zilipoanza kule, alikuja kazini na binti yake Divine, sufuria moja, na nguo walizovaa. Yaliyotokea kule ni yake kuyasema, na mimi hajanisimulia. Anton aliwapa chumba cha juu walale. Mpishi wa gundi wa wakati huo, Mmalawi, aliamua kurudi kwao mwezi ule ule, na karakana ikabaki bila gundi. Siku ya tatu au ya nne Mama Divine alishuka ngazi, akamwambia Anton kwa Kifaransa chake kilichochanganyika na Kiingereza cha kuokoteza, "Patron, ule mwiko nipe mimi. Nilikuwa nikimtazama."

Alipewa mwiko. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mfagiaji. Alipata fleti ndogo mitaa michache kutoka karakana, Divine akaenda shule, na mafundi wote, hata Anton, walikuwa wanabisha hodi kabla ya kuingia chumba cha gundi. Nataka mlielewe hilo, vinginevyo hamtaelewa yaliyofuata. Watu walimnyang'anya nyumba, na mwiko ule ukampa mahali pa kusimama.

Gundi ya ngozi ni kiumbe kigumu. Gundi ya viatu inatakiwa ishike, basi. Hii inatakiwa ishike na iachie. Ishike kwenye baridi kali, kwenye ski iliyolowa, mtu anapanda saa nzima, halafu akiivuta kwa mkono wenye glavu iachie bila kuacha utando. Ikikolea sana mtu anavuta mpaka anaanguka kifudifudi. Ikilegea anabaki katikati ya mlima ngozi inamfuata nyuma kama mkia. Ile ya zamani ilipikwa kwa mpira mbichi, lami ya miti na thina nyingi, ile ya kuyeyushia rangi. Mama Divine aliikoroga kwa saa nyingi, akainusa, akachovya kidole, akakigusisha kwenye kifundo cha mkono mwingine, akasikiliza kinavyobanduka. Alikuwa anasikiliza kweli, kwa sikio. Akitosheka anasema, "Sasa imekuwa na akili."

Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa kama mimi. Wengine waliniita Bwana Kurudia. Thabo anakata jozi moja, mimi nazipima mara ya pili na ya tatu, nazirudisha kwa tofauti ya upana wa uzi. Sikusomea kitu chochote, na mtu asiyesomea anaogopa kila mtu anayeingia mlangoni kuwa ndiye atakayemgundua. Ufundi wangu niliupata kwenye ngozi mbovu. Wateja walikuwa wanarudisha zilizochakaa, mimi nazifumua mchana mezani na usiku kichwani, kuona zimekufa vipi. Hii imekufa kwa miba ya msonobari, hii kwa kukaushwa karibu na moto, hii kwa mbwa. Jifunzeni kwenye vitu vilivyorudi. Vipya havisemi chochote.

Anton aliniona ninavyohangaika, badala ya kunifukuza akanifanya mkaguzi. Hakuna ngozi iliyotoka bila neno langu. Na majaribio ya gundi nilikuwa nayafanya buchani.

Tulikuwa hatuna mashine ya baridi. Mtaa wa pili alikuwapo Shaame, Mzanzibari mwenye bucha, mwenye chumba cha barafu kizuri kuliko cha mtu yeyote pale karibu. Aliniruhusu nitundike ski na ngozi zake katikati ya mapaja ya ng'ombe, kwa sharti nisimgusie nyama. Naziacha huko, narudi, navaa koti lake la manyoya lenye damu, naanza kuvuta.

"Yakhe, Athumani," aliniambia siku moja mbele ya wateja, "huyu bibi kaniuliza hizi ni ndimi za mnyama gani. Nimwambie nini?"

"Mwambie za mbuzi."

"Nshamwambia. Kasema basi mbuzi huyo alikuwa msemaji sana."

Mnaocheka, chekeni, lakini chumba kile kilitusaidia kuliko mashine nyingi. Mwaka wa Kombe la Dunia, mavuvuzela yakilia nje, mimi nilikuwa ndani ya barafu la Shaame nikisikiliza gundi ikibanduka, nikiwa na furaha. Gundi ya Mama Divine haikuwahi kuniangusha mle ndani. Hata mara moja.

Kikohozi kilianza kidogo. Alisema ni vumbi la machimbo, upepo wa Agosti. Kisha akasema ni mafua ya kwaya, mtu mmoja akiugua wote wanaugua. Anton aliweka feni kubwa dirishani, akaleta barakoa zenye vichujio. Mama Divine alivaa barakoa kila Anton alipopita, akaivua alipogeuka.

"Nikivaa hii nitainusaje?" alinijibu nilipomuuliza. "Weye unaweza kukata kitambaa umefumba macho?"

Na niseme ukweli, sikutafuta jibu kwa bidii, kwa sababu gundi ilikuwa nzuri.

Kisha nikamkuta amekaa kwenye ngazi. Chumba cha gundi kilikuwa ghorofa ya pili ili moshi wa thina utoke juu. Alikuwa katikati ya ngazi, mkono mmoja kwenye ukuta, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Aliponiona alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Divine ndiye aliyempeleka kliniki. Wakati huo alikuwa ameanza masomo kwenye kampasi ya hapo hapo Doornfontein, msichana anayeongeleshwa Kiswahili na mama yake akajibu Kiingereza. Alikuja karakana mwenyewe, akasimama mbele ya Anton na mimi. Alisema nesi amesema ni pumu, na imeletwa na thina, na akiendelea kuivuta kifua hakitapona tena. Kisha akanigeukia, akazungumza Kiswahili, taratibu, akitafuta kila neno.

"Kaka Athu, usiku Mama halali. Anakaa. Anakaa tu kitandani."

Anton tayari alikuwa na dawa ya jambo hilo, au alidhani anayo. Viwanda vya ughaibuni vilikuwa vimeanza kutumia gundi isiyo na thina. Inakuja kwa vipande vya manjano kama miche ya sabuni, unaiyeyusha kwenye chungu cha umeme, unaipitisha kwa rola, basi. Haina harufu. Haina mpishi. Aliagiza vipande vya kujaribu, tukabandika, nikazipeleka kwa Shaame.

Zilikaribia kuwa nzuri. Puani zilishika, katikati zilishika. Mkiani, baada ya baridi ndefu, zilianza kuachia. Kidogo, upana wa vidole vitatu hivi, lakini theluji ikiingia pale inapanda, na ngozi yote inafuata. Nilirudia jaribio siku baada ya siku. Nilibadilisha joto la chungu, nikabadilisha unene. Mkia ukaendelea kuachia.

Sasa tazameni nilipokuwa nimesimama. Nikisema gundi mpya haifai, thina itaendelea kuchemka, na kifua cha Mama Divine au cha mpishi mwingine kitaisha. Nikisema inafaa, kuna mtu nisiyemjua, kwenye mlima nisiouona, atakayevaa kitu nilichokijua kuwa kina kasoro. Mzigo wa msimu ulikuwa unasubiri. Anton alisema, "Neno ni lako, Athu. Ukisema haifai nitatafuta mpishi mwingine, lakini sitampa mtu mwingine kifua kama kile kwa moyo mweupe."

Mama Divine aliniita chumba cha gundi, akafunga mlango.

"Nimesikia mkia unaachia."

"Ndiyo, Mama."

"Basi sema haifai. Neno moja tu, mwanangu. Weye hujawahi kupitisha kitu kibovu."

"Na kifua?"

"Kifua ni changu."

"Mama, Divine amesema..."

"Divine ni mtoto! Anajua nini? Mimi nilifika hapa na sufuria." Akakohoa, akashika meza, akangoja kipite. "Wakileta ile sabuni yao, mimi nitakuwa nani hapa? Nitarudi kushika fagio? Na miaka hii?"

Nilifungua mlango nikatoka. Sikusema ndiyo wala hapana, na nilijichukia kwa hilo. Nilikwenda kukaa kwenye rundo la ngozi zilizorudishwa, kama mtu anayekwenda kukaa na jamaa zake.

Nilizifumua moja baada ya nyingine nikitafuta gundi iliyokufa, nione wenyewe walifanya nini ilipokufa. Nikakutana na jozi moja kuukuu, gundi yake imejaa nywele za mbwa na vumbi, haishiki hata karatasi. Lakini manyoya yake yalikuwa yamechakaa sawasawa mpaka mwisho. Maana yake mwenyewe aliendelea kupanda nayo muda mrefu sana baada ya gundi kufa. Nikageuza. Mkiani alikuwa ameshona kwa mkono wake, kwa uzi wa kuvulia samaki, kipande cha mpira wa kuvutika na kulabu iliyokunjwa kwa waya. Kulabu iliuma mwisho wa ski, mpira ukaivuta ngozi ikabaki imenyooka. Mshono ulikuwa mbaya kuliko wowote niliowahi kuuona, na ulikuwa umembeba mtu yule miaka.

Sisi tulikuwa hatuweki kulabu mkiani. Tulijivunia kutoiweka. Gundi ya Mama Divine haikuihitaji, na Anton alisema ngozi bila kulabu ni safi, nyepesi, nzuri kuitazama. Mimi nilikuwa wa kwanza kukubaliana naye. Nilikuwa nimetafuta gundi isiyo na kasoro kwa wiki nzima, bila kujiuliza kwa nini gundi ibebe kila kitu peke yake.

Nilishona kulabu yangu. Nilirudia mshono, bila shaka, mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Kwa Shaame gundi iliachia mkiani kama kawaida, na ngozi haikuondoka.

"Bucha si mlima," Anton alisema. "Twende."

Ndipo nilipoiona theluji. Tulikwenda kwenye milima ya mpakani na Lesotho, upande wetu wa mpaka, maana karatasi zangu zisingenivusha. Kwa miaka minne nilikuwa natengeneza vifaa vya kitu ambacho sijakiona. Nilidhani ni kama barafu la Shaame. Kumbe ni kama unga, na kuna mwanga unaotoka chini. Anton alinivalisha ski, akanifundisha kupanda. Nilianguka mara nyingi, nikapanda, nikaogopa kila hatua, si kuogopa kuanguka bali kuogopa kugeuka nyuma nione mkia. Tulipofika nusu ya mlima aliniambia tazama. Gundi ilikuwa imeachia, upana wa vidole vitatu, na theluji imejaa pale. Kulabu ilikuwa imeshika. Tulipanda hadi juu, na ilikuwa bado imeshika.

Nilitaka kusema bado haijakamilika. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikamwambia Anton, "Inatosha." Sikuwahi kulitumia neno hilo kazini.

Jumatatu nilikwenda kwa Mama Divine kabla ya mtu mwingine. Nilibisha hodi.

"Imeachia?" aliuliza bila kugeuka.

"Imeachia nyuma, kidogo."

"Nilikwambia."

"Kulabu imeshika. Nimeipitisha, Mama."

Alizima jiko. Alichukua mwiko, akaufuta kwa kitambaa, taratibu, pande zote mbili, akautundika. Nami nikasema kitu cha kijinga. Nikasema atapumzika.

"Nani kakuambia nimechoka?" akasema. "Yebabawe, Athumani. Weye. Si Anton, si nesi. Weye."

Hakusema nami kwa wiki kadhaa. Akitaka kitu kutoka mezani kwangu alimwambia Thabo, nami nikiwa hapo hapo. "Mwambie Bwana Mkaguzi anipe mkasi." Thabo, ambaye Kiswahili chake alikianza kwa matusi, alikuwa anatafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili kwa uso mkavu kabisa. "Bwana Mkaguzi, mkasi, tafadhali."

Anton alimwambia achague kazi yoyote isiyo na thina. Alilifikiria kwa siku chache. Kisha alishuka, akasimama mbele ya wote, mikono kiunoni.

"Ninataka meza ya dirishani. Mshahara ule ule wa gundi. Nitapiga brashi manyoya yote, na hakuna kitakachoingia kwenye boksi bila mkono wangu kupita."

"Lakini hiyo ni kazi ya Athu," Anton akasema.

"Ndiyo. Yeye akimaliza kukagua, mimi nitamkagua yeye."

Anton alinitazama. Nilisema sawa haraka mno, Thabo akaangua kicheko. Jozi ya kwanza niliyompelekea aliirudisha siku hiyo hiyo. Aliiweka mbele yangu, akagonga kwa kucha sehemu ya kulabu.

"Mshono huu umepinda."

Nikautazama. Ulikuwa haujapinda.

"Umepinda kidogo," nikasema.

"Ufumue."

Niliufumua nikaushona upya, nikamrudishia. Alipitisha kiganja kutoka puani kwenda mkiani, akakirudisha kinyume, akasikiliza. Kisha akaitia kwenye boksi mwenyewe na kuniuliza kama nimekula.

Najua mngependa kusikia kwamba alipona. Hakupona kabisa. Dawa ya kuvuta ilibaki mfukoni mwa aproni, na Agosti bado inamsumbua. Wateja wachache wa zamani waliandika kulalamika kwamba gundi si kama ile ya zamani, nao walisema kweli. Mimi nilisoma kila barua mara ya pili na ya tatu. Nilipoondoka 2014 sababu ilikuwa moyo wangu, si karakana, na Mama Divine ndiye aliyeniambia niende. Alisema kuna watu wanaoumwa na thina na kuna wanaoumwa na kukagua, na wote wanatakiwa watoke chumbani.

Yaliyobadilika tangu wakati ule ni haya. Gundi haipikwi tena pale, na kile chumba cha gundi sasa ni stoo ya maboksi. Kila ngozi inatoka na kulabu mkiani. Ukaguzi unafanywa na watu wawili, na wa mwisho ni Mama Divine. Usiku hakai tena kitandani; analala, kichwa kwenye mto.